Delfina wa Sura ya Nne

Shirincay, 3 Juni 1996

Bibi yangu mpendwa Hortensia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, si kitandani. Mama anakusalimu sana kutoka Cuenca. Goti la baba limepata nafuu, kiasi kwamba ameanza tena kugombana na majirani. Mke wa kaka Fabián amejifungua mtoto wa kike. Wamebishania jina wiki mbili nzima na mpaka sasa mtoto anaitwa Mtoto.

Najua masikio yako hayataki simu tena, kwa hiyo nitakuandikia kila nipatapo la kusema. Nimepanga chumba kwa Mama Targelia, nyuma ya kanisa. Nafanya kama ulivyotufundisha: wiki ya kwanza hakuna kuuliza, ni kukaa na kutazama tu. Asubuhi na mapema, chane za majani ya kusukia zikiwa bado na unyevu, wanawake huketi milangoni wakisuka kofia, nami naketi nao na vidole vyangu vibovu. Jana mmoja aliniuliza, "Msomi, hiyo kofia unamsukia nani, kuku?"

Sasa habari yenyewe. Bibi, nimempata Delfina. Delfina wa sura ya nne ya kitabu chako, yule msusi wa mkono wa kushoto aliyekusimulia kwamba binti yake mdogo, aliyezaliwa miezi michache baada ya mume kwenda New York, si wa mume huyo. Siku zote nilidhani jina lile ulilitunga, kama inavyotupasa kuficha majina ya wanaotupa habari zao. Kumbe hapa kila mtu anamwita hivyo. Nilipouliza kama yuko mwanamke anayesuka kwa kushoto, Mama Targelia alijibu bila kuinua macho: "Delfina huyo. Anakaa kule juu, ukishavuka daraja."

Nitamtembelea wiki ijayo. Tasnifu yangu inarudia utafiti wako baada ya miaka ishirini na minane, na mtu wako mkuu yu hai. Niambie nimpe salamu gani kutoka kwako.

Mjukuu wako,
Amparo


Quito, 15 Juni 1996

Mjukuu wangu Amparo,

Marahaba. Mimi nipo. Luzmila, anayenitunza, ananilisha uji wa shayiri mara tatu kwa siku na kuniita mtoto mtiifu. Daktari anasema moyo wangu ni pampu iliyochakaa. Anasema huku akitabasamu, nadhani kwa sababu bado ni kijana. Mwambie Fabián asimpe mtoto jina langu. Limeshachoka.

Kuhusu yule mwanamke, usiende. Wasusi ni wengi hapo. Mhoji Mama Targelia, wahoji binti zake. Mtu aliyekwisha kuhojiwa, ukimrudia, hakusimulii maisha yake, anakusimulia mahojiano ya kwanza. Ni suala la mbinu tu.

Salamu zangu usimpe.

Bibi yako,
Hortensia


Shirincay, 4 Julai 1996

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama. Mama amenitumia blanketi na jibini. Mtoto amepata jina, anaitwa Noemí.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshakwenda.

Nilimkuta ameinama kwenye beseni, analoweka chane. Nikapiga hodi: "Hodi, Mama Delfina." Hakugeuka.

"Nani kakwambia hilo ni jina langu?"

"Kila mtu, mama."

"Kila mtu. Na kila mtu akikwambia mimi ni punda, utaniletea majani?"

Anaitwa Zoila Uyaguari. Alinieleza haya akiwa amesimama, bila kunikaribisha. Mwaka 1971 mwalimu wa shule alileta kitabu chako kwenye mkutano wa wasusi, akawasomea kwa sauti, kwa fahari, maana kijiji chao kimeandikwa. Alipofika kwenye sura ya nne, mahali uliposema kwamba katika kofia za Delfina mzunguko wa chane unakwenda kinyume kwa kuwa anasuka kwa kushoto, wote ukumbini walimgeukia yeye. Mama Zoila aliniambia: "Hapa mwaga kofia mia chini, kila mwanamke ataokota yake na kukutajia wenye nyingine zote. Wa kushoto nilikuwa mmoja. Mpaka leo niko mmoja."

Alasiri ileile mama mkwe wake, Domitila, alimtolea vyombo vyake nje. Akamchukua mtoto mkubwa, Segundo, wa miaka kumi na mmoja, akamwachia kile kidogo cha kike, Blanca. Akamwandikia mwanawe New York. Mume, Rigoberto, hakuleta barua tena mpaka alipofia hukohuko. Segundo alipofika miaka kumi na sita alimfuata baba yake, na hajawahi kumwandikia mama neno moja. Na tangu siku ile ya mkutano watoto walianza kumwita Delfina, wakafuata wakubwa. Sasa hata padri anamwita hivyo, na padri huyu alihamia juzi tu, hajui hata limetoka wapi.

Mwishoni aliniuliza ukoo wangu. Nikasema Astudillo. Akainua beseni, akamwaga maji yote miguuni pangu.

"Sasa nenda," akasema.

Bibi, sura ya nne ndiyo tunayofundishwa mwaka wa kwanza kama mfano wa kusikiliza. Alikubali nini hasa? Naomba unitumie daftari la saba, lenye maandishi ya mahojiano yake.

Amparo


Quito, 12 Agosti 1996

Mjukuu wangu,

Umengoja sana. Nililazwa siku kumi na tisa. Nimerudi na dawa mpya inayonitia kizunguzungu, na Luzmila sasa ananishika mkono hata nikienda chooni. Nimefurahi kwa jina la Noemí.

Daftari silitumi, lakini nitakwambia lililomo.

Nilimhoji Zoila mara tano. Mara ya tano, katikati ya maneno, aliweka kiganja juu ya kinasa sauti akasema, "Zima hicho." Nikazima. Ndipo akaniambia kuhusu Blanca. Alilia kidogo, akaendelea kusuka. Nilimshika bega, nikamwambia haya yamebaki kati yetu. Niliyasema kwa moyo. Kisha nikashuka mpaka darajani, nikakaa juu ya jiwe, nikaandika kila neno kabla halijanitoka, kama tulivyofundishwa.

Nilipopanga kadi zangu mezani, rundo la wanawake walioachwa na waume zao, kadi zote zilikuwa zinasema jambo moja: tunavumilia. Yake tu ilisema jingine. Bila hiyo sikuwa na kitabu, nilikuwa na ripoti. Nikajiambia, jina nikilibadilisha, ahadi yangu imesimama. Nilibadilisha jina, umri, idadi ya watoto, hata sikukuu ya mtakatifu wake. Mkono sikuubadilisha. Ule mkono hakuniambia mtu, niliuona kwa macho yangu siku ya pili, nami nilijivunia macho yangu. Niliwaza wasomaji wa Quito. Haikunijia kwamba wasusi nao watasoma, wala kwamba kwao mkono ndio jina.

Msomee barua hii, kama atakubali kusikia. Mwambie ninakiri.

Hortensia


Shirincay, 30 Agosti 1996

Bibi mpendwa,

Pole kwa kulazwa. Mama anataka kuja Quito akuuguze. Nimemwambia akuulize kwanza, maana najua utakataa.

Nilikwenda kwa Mama Zoila asubuhi tatu mfululizo. Ya kwanza alinifungia mbwa njiani. Ya pili aliniacha niketi nje ya lango. Ya tatu Blanca mwenyewe alinitolea kigoda. Ana miaka ishirini na minane, anacheka haraka, na kila kitu anakijua. Hapa kijijini walimwambia tangu ana meno ya utoto.

Niliwasomea barua yako. Mama Zoila alisuka mpaka nilipomaliza, kisha akasema: "La kinasa sauti kalisema. La mkono kalisema. La pazia kalisahau?"

Sikujua amekusudia nini. Nikamuuliza. Akasema, "Mimi nimeshahojiwa vya kutosha. Mhoji yeye."

Kwa hiyo nakuuliza, Bibi. Pazia gani?

Kuna jambo la pili. Segundo anarudi kwa Siku ya Wafu, baada ya miaka ishirini, kuja kulijengea kaburi la bibi yake Domitila. Atafikia kwa ndugu wa baba yake. Mama Zoila anataka karatasi kabla hajafika. Anataka uandike, kwa mkono wako na sahihi yako, kwamba hakukwambia lolote, kwamba yale maneno uliyatunga. Isomwe ukumbini baada ya misa, pale kiliposomwa kitabu. Nayo iwekwe mbele ya toleo jipya litakalochapishwa Januari.

Nilimwambia kwamba huo ni uongo. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto akila udongo.

"Ukweli wake umenila miaka ishirini na mitano," akasema. "Anikopeshe uongo mmoja."

Nisaidie, Bibi. Sijui nisimame wapi.

Amparo


Quito, 22 Septemba 1996

Mjukuu wangu,

Mama yako asije. Nyumba ni ndogo na mimi ni mkali.

Mwaka 1972, mwezi Machi, Zoila alikuja Quito. Sijui alisafirije, wala anwani alipewa na nani. Alisimama mbele ya lango langu amebeba kile kitoto mgongoni. Wakati ule nilikuwa na wageni wawili kutoka chuo cha ng'ambo, tukizungumzia kitabu. Nilimwona kupitia dirisha. Nikamwambia msaidizi wangu amwambie nimesafiri. Kisha nikasimama nyuma ya pazia nimwone akiondoka, na hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi. Nilisimama pale, mjukuu wangu, na nitakwambia lililo baya zaidi: nilikuwa namtazama kama ninavyowatazama ninaowatafiti. Nilihesabu mara alizomhamisha mtoto kutoka goti moja hadi jingine. Nikaona kwamba hata pale ngazini alikuwa na chane na anasuka. Aliinua kichwa mara moja, na nadhani aliona miwani yangu.

Mwaka 1975 lilitoka toleo la pili. Ningeweza kuufuta ule mkono kwa mstari mmoja. Mhakiki mmoja alikuwa ameusifia ukurasa ule kuliko kitabu kizima. Niliuacha.

Hayo yote nitayaandika na kutia sahihi. Nitaomba radhi mbele ya chuo, mbele ya kijiji, mbele ya Segundo. Wakitaka kuninyang'anya heshima wachukue.

Lakini uongo siwezi. Miaka arobaini niliwaambia wanafunzi jambo moja: usimtie mtu maneno mdomoni. Nikisema Delfina nilimtunga, kila mwanamke aliyemo katika kitabu kile atakuwa ametungwa pamoja naye. Wanawake arobaini na mmoja, Amparo. Nao pia walifungua milango yao. Na wewe, tasnifu yako itasimama juu ya nini? Naondoka karibuni. Niache niondoke nimesema kweli angalau mara moja.

Hortensia


Shirincay, 3 Oktoba 1996

Bibi,

Wote hatujambo. Nilimsomea.

Hili ndilo jibu lake, nimeliandika neno kwa neno, kwa ruhusa yake, na kinasa sauti kimebaki chumbani:

"Huyo bibi akiniomba radhi kwa kutangaza siri yangu, atakuwa ameitangaza tena. Mara ya kwanza kitabuni, mara ya pili ukumbini, mwanangu akiwa amesimama hapo. Mwambie radhi yake ni nzuri, ila ni ya kwake. Anataka kwenda kwa Mungu mikono safi, na maji ya kunawia nimchotee mimi."

Blanca aliinuka akaenda kuangalia sungura. Alikaa huko muda mrefu.

Umeniuliza kuhusu tasnifu. Nimezitoa kadi zangu zote za sura ya nne, na nimemwandikia msimamizi wangu kwamba nabadilisha mada. Anadhani nimeugua. Wale wanawake arobaini na mmoja nimewahesabu pia. Kumi na tisa wamebaki hai. Niliwauliza, mlango kwa mlango, kama wangeona vibaya kitabu kile kikiitwa cha uongo. Mmoja tu ndiye aliyekuwa amekisoma. Mama Targelia alisema, "Mimi nimo? Nilisema nini?" Nikamsomea maneno yake. Akafikiri, akasema, "Siku hizi nisingesema hivyo," akaendelea na ukingo wa kofia yake.

Segundo anafika tarehe thelathini.

Amparo


Quito, 16 Oktoba 1996

Mjukuu wangu Amparo,

Mwandiko huu ni wa Luzmila. Mkono wangu hauandiki zaidi ya sahihi, kwa hiyo nasema na yeye anaandika, na ananikemea nikipumzika katikati ya sentensi.

Barua yako nimesomewa mara nne. Mara tatu nilikasirika. Nilitaka kukujibu kwamba radhi haiwezi kuwa ya mtu mmoja tu. Kisha nikajaribu kuiandika ile radhi, nione itakavyosomeka ukumbini. Nilianza: "Mwaka 1968 Bi Zoila Uyaguari aliniambia kwa siri kwamba..." Luzmila akaniuliza, "Kwamba nini, bibi?" Alikuwa ameshika kalamu, anangoja, na nikaona nakaribia kumwambia.

Karatasi imo humu ndani. Isome hivi ilivyo:

"Mimi, Hortensia Astudillo, niliyekuwa mwalimu wa chuo, natamka mbele ya watu wa Shirincay na mbele ya wasomaji wangu: mwanamke aitwaye Delfina katika sura ya nne ya kitabu changu hakuwapo. Kisa chake nilikitunga mimi, kwa kuwa nilitaka kitabu kisifiwe. Ili kisa kionekane cha kweli nilimpa mkono wa kushoto niliouona kwa Bi Zoila Uyaguari, ambaye hakuniambia lolote la namna hiyo na hakustahili lililompata. Kosa ni langu peke yangu."

Nakala nimeipeleka kwa mchapishaji. Amejibu kwa mistari miwili kwamba toleo jipya halitatoka, na shukrani. Chuo hakijajibu, ila mwanafunzi wangu wa zamani amekuja kuuliza kwa upole kama akili yangu ni timamu. Nilimwambia ni timamu kuliko alivyowahi kuijua.

Daftari la saba Luzmila alilitia motoni mchana huu, nami nikitazama. Barua zetu hizi usizichome, sitaki kukufundisha kuchoma. Zifungie mahali mpaka Zoila na Blanca wasiweze kuulizwa na mtu. Baada ya hapo fanya utakavyoona. Wewe ndiye umebaki na kazi.

Sijui kama nimetenda haki. Nimekwambia kweli yote, wewe, na nimewaambia wengine uongo, na najihisi mwepesi kwa yote mawili, jambo ambalo kama mwanafunzi wangu angeliandika ningelizungushia wino mwekundu.

Bibi yako,
Hortensia Astudillo


Shirincay, 3 Novemba 1996

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Luzmila amempigia mama kusema hunywi tena uji. Mama yuko njiani kuja kwako, ukali usimwonyeshe. Hii inapanda basi la mchana na dereva ameahidi kuifikisha mkononi.

Juzi baada ya misa nilisoma karatasi yako. Ukumbi ulijaa. Segundo alisimama nyuma, karibu na mlango, mtu mnene mwenye koti zito na nywele zinazoanza kukimbia. Nilipomaliza, mzee mmoja akasema, "Yaani miaka yote hii tunamwita mwanamke wa watu kwa jina la mtu asiyekuwapo?" Wengine wakaanza kukutukana. Sitayarudia. Mama Targelia alikutukana kwa ustadi kuliko wote, halafu akaenda akasimama karibu na Mama Zoila, akamwita Zoila, mara mbili, kama anayejifunza kulitamka. Segundo alitoka.

Jana, Siku ya Wafu, nilialikwa nyumbani kwao, kule baada ya daraja. Mama Zoila alikuwa amepika uji wa zambarau wa wafu na kuoka mikate ya sanamu za watoto. Sahani zilikuwa nne, na hakuna aliyeuliza ya nne ni ya nani. Saa nane mbwa alibweka. Segundo aliingia, akavua koti, hakujua aliweke wapi. Mama yake alilichukua. Hakuna aliyelia. Akaketi mkabala na Blanca.

Bibi, wewe ulinifundisha kutazama, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona, na sijakiandika kwenye daftari lolote. Segundo alimtazama Blanca kwa muda mrefu. Yeye na Rigoberto wamefanana, picha iko ukutani. Blanca hafanani nao kwa lolote. Mwenye macho anajua. Naye ana macho. Alimtazama, akatazama ile karatasi yako, ambayo mama yake aliitundika chini ya picha ya Bikira. Kisha akasogeza bakuli lake mbele, akasema, "Dada, niongeze."

Nilipoaga, Mama Zoila alinisindikiza mpaka langoni. Nilimuuliza kama ana neno la kukuletea. Alianza kufunga lango, nikadhani amekataa. Kisha akasema:

"Mwambie sijamsamehe la pazia. Na mwambie asife kabla barua hii haijamfikia."

Mjukuu wako,
Amparo